Paka Wako Ana Saratani Isiyopona: Mwongozo wa Kumtunza Mpaka Siku ya Kumuaga

Shaba alikuwa ametimiza miaka 13 nilipoona tone la mate lenye wekundu kwenye mto aliozoea kulalia. Nikalifuta, nikageuza mto, nikaendelea na shughuli zangu. Wiki mbili baadaye daktari wa wanyama alimshika kichwa, akabonyeza kwa kidole gumba chini ya kidevu mpaka ulimi ukainuka, kisha akaniita nisogee nione. Palikuwa na nyama ngumu yenye kidonda, ukubwa wa harage. Ilikuwa saratani ya kinywa, na ilikuwa imeshajishika mahali ambapo kisu hakiwezi kuimaliza.

Aliishi wiki tisa baada ya siku ile. Mengi niliyoyafanya katika wiki tatu za mwanzo nilikosea, na mengi ya wiki sita zilizofuata nadhani nilipatia, kwa sababu niliacha kuhesabu siku alizobakiza nikaanza kuangalia siku yenyewe aliyokuwa nayo inakwendaje. Nimepanga hatua hizi kwa mfuatano ambao huenda ukakutana nazo. Hata hivyo nakuomba usome hatua ya sita mapema, leo ukiweza. Ndiyo inayouma zaidi, na ndiyo inayoharibika zaidi ikiachwa mpaka dakika ya mwisho.

Hatua ya kwanza: Ujue ugonjwa kwa jina lake

Siku ya habari akili haishiki kitu. Mwombe daktari akuandikie kwenye karatasi aina ya saratani, mahali ilipo na imeenea mpaka wapi. Kisha nenda nyumbani, lia, lala, na kesho yake piga simu au rudi na maswali yako. Ukiacha paka anayepumua kwa shida au anayevuja damu, hakuna uamuzi mkubwa unaolazimika kufanywa saa ile ile. Jambo moja tu lisingoje kesho: usiondoke kwa daktari bila kuzungumzia dawa ya maumivu.

Jina lina uzito, kwa kuwa neno “saratani” limebeba magonjwa mengi yasiyofanana hata kidogo. Limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu zinazolinda mwili, ni miongoni mwa saratani zinazowapata paka mara nyingi, na kwa paka wazee hukaa sana kwenye utumbo. Iko ya aina ya polepole, yenye seli ndogo: paka wengi wenye hiyo hutumia vidonge vya prednisoloni na klorambusili nyumbani, na huishi miaka miwili au zaidi wakiwa na maisha mazuri. Iko pia ya seli kubwa, inayokwenda mbio, ambayo bila matibabu humaliza paka katika wiki au miezi michache. Saratani ya kinywa kama ya Shaba huwa inagunduliwa imechelewa, na muda wake mara nyingi ni miezi isiyozidi mitatu. Uvimbe wa matiti kwa paka jike huwa ni saratani kweli katika visa takriban 8 au 9 kati ya 10, na hupenda kukimbilia mapafu. Kwa hiyo ukiambiwa “haiponi”, uliza mara moja: haiponi lakini inatulizwa kwa miaka, au haiponi na tuko kwenye wiki?

Mimi nilimuuliza daktari wangu swali ambalo kila mtu huuliza, amebakiza siku ngapi. Akanijibu: “Dada, hilo hata mimi sina. Niulize nitajuaje kwamba amechoka, hapo nitakusaidia.” Nilichukia jibu lile kwa siku kama mbili. Baadaye nikaona ndilo lililonifaa kuliko yote niliyoambiwa.

Kama uchunguzi umefanywa kwa kushika uvimbe kwa mkono tu, au kwa picha bila kipande kupelekwa maabara, una haki ya kuuliza kama kipimo zaidi kitabadilisha chochote katika matibabu. Kikibadilisha, kifanywe. Kama hakibadilishi, mwepushie paka safari, sindano na nusu kaputi isiyo na faida kwake. Na ukitaka daktari wa pili aangalie majibu yale, omba nakala. Daktari mwenye nia njema hataona umemvunjia heshima.

Hatua ya pili: Chagua njia, na useme wazi una uwezo gani

Kwa ujumla njia ni tatu: kupambana na ugonjwa wenyewe kwa upasuaji, kemotherapi au mionzi, kumpa tiba shufaa, yaani kumwondolea maumivu, kichefuchefu na njaa bila kuufukuza ugonjwa, au kumpumzisha, yaani daktari kumchoma sindano ya mwisho ili afe bila maumivu, mapema kabla mateso hayajaanza. Hakuna hata moja iliyo ya watu wenye upendo zaidi ya wengine. Nasema hivi kwa sababu nimekutana na watu waliokataa kemotherapi wakaishi na hatia kwa miaka, na wengine waliokubali kila kitu ili tu wasionekane wamekata tamaa, ilhali paka alishachoka.

Kuhusu kemotherapi, usiifikirie kama unavyoiona kwa binadamu. Dozi za paka hupangwa ili apate muda mzuri, si kumponya kwa gharama yoyote, na wengi huvumilia vizuri kuliko tunavyotarajia. Manyoya kwa kawaida hayanyonyoki, ila sharubu zinaweza kudondoka. Ubaya ni safari za mara kwa mara, kwa paka ambaye akiona kikapu cha safari tu anajificha uvunguni. Mionzi nayo huhitaji nusu kaputi kila kikao. Paka wako unamjua wewe. Kama kila safari humwacha siku mbili bila kula kwa hofu, hilo nalo lihesabiwe kama madhara ya tiba.

Fedha, itaje mwanzoni, kiasi chenyewe. “Nina kiasi hiki, tufanye nini chenye maana?” ni sentensi ngumu kutamka mbele ya mnyama unayempenda, lakini humsaidia daktari kupanga. Mpango wa dawa ya maumivu na ya hamu ya kula, uliofuatwa vizuri mpaka mwisho, ni bora kuliko matibabu makubwa yanayokatikia njiani.

Ukipewa vidonge vya kemotherapi vya nyumbani, vaa glovu unapovishika, usivikate wala kuvisaga, na mama mjamzito asivishike wala asisafishe mchanga wa paka huyo. Mkojo na kinyesi hubeba dawa kwa siku kadhaa baada ya dozi.

Hatua ya tatu: Maumivu, ambayo paka huyaficha

Hapa ndipo nilipokosea zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mara nyingi paka halii akiumwa. Hukaa kimya, hujikunja, hupunguza mambo yake moja baada ya jingine, na sisi tunasema “amezeeka”. Shaba aliacha kuruka juu ya kabati wiki mbili kabla ya ule wekundu kwenye mto. Aliacha kujilamba mgongoni, manyoya yakasimama vishungi vishungi. Alianza kulala ameinamisha kichwa, pua karibu iguse sakafu, miguu yote minne imekunjwa chini yake kama mkate. Na usiku alipokuwa akinguruma kifuani mwangu, ule mngurumo wa paka aliyeridhika, mimi nilijipa moyo kwamba hana maumivu. Sikujua kwamba paka hunguruma pia akiwa na maumivu au akiwa na hofu. Mngurumo peke yake hauthibitishi lolote.

Kinachosema ukweli zaidi ni uso. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal walichapisha mwaka 2019 kipimo cha kusoma maumivu usoni mwa paka, na mtu yeyote mwenye paka anaweza kujifunza kukitumia. Unaangalia vitu vitano: masikio (yamesimama kuelekea mbele, au yametanuka na kugeukia pembeni), macho (yamefunguka, au yamekazwa nusu), mdomo na pua (umelegea na kuwa wa duara, au umebana), sharubu (zimelegea na kujipinda, au zimenyooka na kusukumwa mbele), na kichwa (kiko juu ya mstari wa mabega, au kimeshuka chini yake). Kila kimoja unakipa 0, 1 au 2. Jumla ikifika 4 kati ya 10, paka huyo anahitaji dawa ya maumivu. Mwangalie akiwa macho na ametulia, si akiwa anakula, anajilamba au amelala usingizi. Mpige picha ya uso kila asubuhi, mahali palepale penye mwanga uleule. Siku ya tano utaanza kuona tofauti ambazo jicho la upendo lilikuwa linazikataa.

Dawa zipo, na nzuri. Buprenofini hudondoshwa shavuni kwa bomba dogo lisilo na sindano, ikafyonzwa na ufizi bila kumezwa. Gabapentini hutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu na hofu pia, ingawa siku za mwanzo paka huyumbayumba kama mlevi. Meloksikamu hutumika kwa dozi ndogo sana kwa paka ambaye figo zake zinaruhusu, na haichanganywi na steroidi kama prednisoloni. Dawa inayofanya kazi kwa saa nane itolewe kila baada ya saa nane, hata kama paka anaonekana mzima saa ya saba. Ukingoja mpaka aumwe ndipo umpe, utakuwa unakimbizana na maumivu kutwa nzima.

Sasa onyo. USIMPE DAWA YA BINADAMU KWA KUBAHATISHA. Parasetamoli humuua paka: ini lake halina uwezo wa kuivunja, damu yake hushindwa kubeba oksijeni, ufizi hugeuka rangi ya kahawia, na hata kipande cha kidonge kimoja kinatosha. Ibuprofeni na aspirini nazo ni hatari. Mtu anayempenda paka wake, usiku wa manane, akiwa na kabati la dawa za nyumbani, anaweza kumuua kwa huruma. Kama dawa uliyopewa haitoshi, mpigie daktari. Kumwambia “haitoshi” si usumbufu, ndiyo kazi yake.

Hatua ya nne: Kula

Hakuna jambo linalovunja moyo wa mtunzaji kama bakuli lisiloguswa. Na kwa paka si suala la huruma tu. Paka asiyekula siku mbili au tatu, hasa aliyekuwa mnene, anaweza kupata ugonjwa wa ini kujaa mafuta, ukamuua kabla saratani haijafika huko. Kwa hiyo saa 24 bila kula chochote ni simu kwa daktari.

Kabla ya kubadilisha chakula, uliza kwa nini hali. Anasogea bakulini, ananusa, analamba midomo kisha anageuka? Hicho ni kichefuchefu, na kina dawa yake, maropitanti ikiwa mojawapo. Anashika chakula, anakitema, anajikuna mdomo kwa mguu? Ni maumivu ya kinywa. Hasogei kabisa, hana habari? Huenda hamu imezimika, na mitazapini huiamsha. Ipo hata ya kupaka ndani ya sikio, kwa paka asiyekubali kumezeshwa. Huenda pia amefunga choo, jambo ambalo watu husahau kulitazama.

Pua ndiyo inayomfungulia paka hamu. Pasha chakula laini mpaka kifikie joto la mwili, kama digrii 38, ukikigusa kwa mgongo wa mkono usikisikie cha moto wala cha baridi. Weka kijiko kimoja tu kwenye sahani pana, bapa, ili sharubu zisiguse kingo. Kisikae pale kutwa. Kama hakijaliwa ndani ya nusu saa kiondoe, harufu ya chakula kilicholala humkinaisha. Kwa Shaba nilisaga kila kitu mpaka kikawa kama uji mwepesi, nikakaa naye sakafuni, nikakigusisha kwenye ncha ya kidole. Kuna jioni alilamba kidole mara 11. Nilihesabu. Kwa mtu asiyejua hali hiyo, kulamba mara 11 si kitu.

Kosa langu jingine: nilificha kidonge kilichosagwa ndani ya chakula alichokipenda kuliko vyote. Alikula mara moja, akahisi uchungu wa dawa, na chakula kile hakukigusa tena mpaka alipokufa. Dawa chungu mpe mbali na chakula chake cha kila siku, kwa kitu kingine ambacho hutajuta kukipoteza. Kwa sababu hiyo hiyo usimlishe kwa nguvu kwa bomba mdomoni akiwa anajitahidi kukimbia. Anaunganisha chakula na vita, na kinachoingia kwa njia ile ni kidogo mno, tena kinaweza kupotea njia kikaingia mapafuni. Kama kweli anahitaji kulishwa, daktari anaweza kuweka mrija wa kulishia kupitia shingoni, ambao paka wengi huuzoea. Binafsi ningeukubali pale tu ambapo unanunua wiki nzuri, kwa mfano wakati tiba ya limfoma inasubiriwa ifanye kazi.

Mpime uzito mara moja kwa wiki. Simama kwenye mizani ukiwa umempakata, kisha simama peke yako, utoe. Mizani ya watoto wachanga ni sahihi zaidi ukiipata. Paka wa kilo 4.5 aliyepoteza nusu kilo ni sawa na mtu wa kilo 70 aliyepungua karibu 8. Maji nayo: ukivuta ngozi ya mgongoni kidogo na ikachelewa kurudi, au ufizi unanata kidoleni, ana upungufu. Daktari anaweza kukufundisha kumpa dripu chini ya ngozi, katikati ya mabega, nyumbani. Mara ya kwanza mikono itatetemeka. Mara ya nne utakuwa unamsimulia habari za siku wakati maji yanaingia.

Hatua ya tano: Nyumba imfuate yeye

Vyote anavyovihitaji viwe upande mmoja: maji, chakula, mchanga na kitanda, bila ngazi kati yake. Sanduku la mchanga liwe na ukingo mfupi upande mmoja ili asilazimike kuruka, na kama aliacha kulitumia, jiulize kwanza kama anaumia kuingia kabla hujasema amechanganyikiwa. Kama alikuwa na dirisha lake, mwekee kiti kidogo cha kupandia. Msaidie kujisafisha kwa kitambaa chenye uvuguvugu, kidevu, sehemu za nyuma, pembe za macho. Paka mchafu hudhalilika, mimi naamini hivyo kabisa. Na wageni wanaoleta maua ya pole, hakikisha hakuna yungiyungi la bustani katika shada lile. Kila sehemu yake ni sumu ya figo kwa paka, mpaka chavua.

Hatua ya sita: Andika mapema ni nini kitakachokuambia basi

Chukua daftari. Ukurasa wa kwanza, andika vitu vitano vinavyomfanya paka wako awe yeye. Viwe vyake hasa. Vya Shaba vilikuwa hivi: kunisubiri mlangoni mwa bafu, kukanda blanketi la bluu kwa makucha kabla ya kulala, kupiga kelele akisikia droo ya jikoni ikifunguliwa, kukaa dirishani jua la asubuhi, na kumpiga kibao mwanangu mguuni akipita. Chini yake andika: vikibaki viwili, nampigia daktari tuzungumze. Andika ukiwa na akili timamu, tia tarehe, mwonyeshe mtu mwingine wa nyumbani.

Kisha kila jioni, dakika tano, jaza kilichotokea. Daktari wa wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, alitengeneza mizani ya maisha yenye vipengele saba ambayo madaktari wengi huitumia: maumivu (ikiwemo uwezo wa kupumua), njaa, maji mwilini, usafi, furaha, uwezo wa kutembea, na kama siku nzuri zinazidi mbaya. Kila kipengele hupewa alama 0 mpaka 10, na jumla ikiwa zaidi ya 35 mtunzaji anaweza kuendelea. Namba hizo si hakimu. Faida yake ni kwamba zinakuzuia kudanganywa na jioni moja nzuri. Wiki ya nane Shaba alikula vizuri Jumanne, nikamwambia kila mtu anapata nafuu. Nilipofungua daftari, ilikuwa siku moja nzuri kati ya saba, na wiki iliyotangulia zilikuwa tatu.

Yapo mambo ambayo hayangoji daftari. Kupumua mdomo wazi, au pumzi zaidi ya 40 kwa dakika akiwa amelala (kawaida ni chini ya 30, hesabu kifua kinavyopanda kwa sekunde 30, zidisha mara mbili). Ufizi mweupe au wa bluu. Kupooza ghafla miguu ya nyuma huku akilia. Degedege. Damu isiyokatika. Kujaribu kukojoa bila kitu kutoka. Weka namba ya daktari na ya anayepatikana usiku mahali panapoonekana, na uulize leo hii: ikitokea saa nane usiku, nampeleka wapi?

Watu wengi wanatamani paka afe mwenyewe usingizini. Nami nilitamani, kwa sababu ingeniondolea uamuzi. Lakini kifo cha saratani mara chache huja hivyo. Mara nyingi ni njaa, kukosa maji na kukosa pumzi kwa siku kadhaa. Ukichagua sindano ya mwisho siku ambayo bado anaweza kulala juani na kukutambua, utabaki na swali kama ulifanya mapema. Swali hilo ni zito, ila unalibeba wewe. Ukichelewa, anayebeba ni yeye.

Hatua ya saba: Siku yenyewe

Uliza kama daktari anakuja nyumbani, wengine huja. Kama ni kliniki, omba saa tulivu, mwanzo au mwisho wa siku, na ulipe kabla ili usisimame dirishani ukiwa umeshika kikapu kitupu. Omba dawa ya kumsinzisha kwanza. Akisinzia kabisa ndipo hupewa dawa ya pili, mara nyingi pentobarbitali, ambayo ni dawa ya nusu kaputi kwa dozi kubwa mno: ubongo hulala, pumzi hukoma, moyo husimama, kwa kawaida ndani ya dakika chache.

Ujue mapema utakayoyaona, ili yasikutishe. Macho hubaki wazi. Mkojo unaweza kutoka, kwa hiyo weka taulo. Huenda akavuta pumzi moja mbili kubwa au misuli ikacheza baada ya moyo kusimama. Hayupo tena, ni mwili unajifunga. Daktari atasikiliza kifua na kukuambia.

Ukiweza, baki naye mpaka asinzie. Usipoweza, mwombe mtu anayemjua akae. Mimi nilimfunika blanketi la bluu, nikaweka kiganja chini ya kidevu kile kile, upande usiouma. Sikusema maneno yoyote makubwa. Nilimwita jina lake, kwa sauti ile ya kumwita kula.

Hatua ya nane: Mwili, watoto, na wanyama waliobaki

Amua kabla kama atazikwa au kuchomwa, na kama unataka majivu. Ukizika, kaburi liwe refu, kama mita moja, kwa kuwa dawa ile hubaki mwilini na mnyama akifukua na kula anaweza kufa. Mwili huanza kukakamaa baada ya saa chache. Mkunje mapema katika hali ya kulala, umfunge kwa kitambaa, umweke mahali pa baridi.

Mtoto aambiwe “amekufa”. Usimwambie amelala, wala ameondoka, kwa sababu mtoto huogopa kulala yeye mwenyewe, au hukaa mlangoni akingoja. Mwanangu, miaka sita, aliniuliza kama saratani ya Shaba inaambukiza. Nikamjibu hapana, haiambukizi watu. Akauliza kama ni kwa sababu alimkimbiza siku ile. Swali la pili ndilo lililokuwa linamkaa rohoni, na nisingelijua kama nisingekaa kimya baada ya la kwanza.

Kama una paka mwingine, wapo wanaoshauri apewe nafasi ya kunusa mwili. Wengine hunusa wakaenda zao, wengine hulia nyumba nzima kwa siku kadhaa. Usibadilishe ratiba yake ya chakula, na usilete paka mpya haraka kwa ajili yake.

Hatua ya tisa: Wewe

Huzuni yako ilianza siku ya majibu, si siku ya kifo, kwa hiyo usishangae ukichoka kabla. Wakati bado yuko, gawana zamu za dawa na mtu mwingine, angalau usiku mmoja kwa wiki ulale. Mtu akikuambia “ni paka tu”, huna wajibu wa kumshawishi. Tafuta mmoja anayeelewa, mzungumze naye.

Baada ya kifo, nafuu niliyoihisi ilinitia aibu: hakuna kengele ya saa nane usiku, hakuna bomba la dawa. Daktari aliniambia karibu kila mtunzaji huihisi. Kisha hatia ikaja, ya ule mto nilioufuta. Nilirudi kwake nikamuuliza: ningekuja wiki mbili mapema, angepona? Akasema kwa aina ile, chini ya ulimi, hapana. Angepata dawa ya maumivu wiki mbili mapema. Lilikuwa jibu la kweli na lenye mpaka, na nililala nalo vizuri kuliko faraja zote. Kama kuna swali kama hilo linalokusumbua, kamuulize daktari. Nenda pia na dawa zilizobaki, hasa zile kali za maumivu, uzirudishe kwake badala ya kuzitupa chooni au kuziacha kabatini.

Daftari bado ninalo. Ukurasa wa mwisho wenye maandishi ni wa jioni ya kabla, na umejaa mistari miwili tu: alikula vijiko viwili, alikanda blanketi.